Wakala wa tiketi, dakika 26 za Tabora hadi Kigoma mlizitoa wapi?

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuna wakala wa tiketi hapa Tabora mjini ambaye kwenye tangazo lake la safari za Kigoma ameandika: umbali kilomita 351, muda wa kuruka dakika 26. Umbali huo ni sahihi, ila ni wa mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili. Dakika 26 ni uongo. Zinapatikana kwa kugawa kilomita hizo kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ambao ni mwendo wa jeti kubwa ikiwa imeshatulia angani. Ndege ya pangaboi, yaani ya mapanga, kama ATR 72 huenda takriban kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo dakika 42 zinakwisha kabla hujahesabu kupaa, kushuka na kujipanga kutua. Anayeuza tiketi kila siku hawezi kudai kwamba hayajui haya.

Hilo ningelivumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba tiketi niliyouziwa chini ya tangazo hilo haikuwa ya kwenda Kigoma moja kwa moja, bali ilinipeleka kwanza Dar es Salaam, takriban kilomita 730 upande wa mashariki, ilhali Kigoma iko magharibi, kisha niunganishe ndege nyingine ya kilomita zipatazo 1,080 kurudi huku huku nilikotoka. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,800, yaani mara tano ya umbali waliouandika, na ndege ya pili ilikuwa ya kesho yake.

Baba yangu mdogo alikuwa anazikwa Ujiji baada ya sala ya alasiri. Nilichagua ndege kwa sababu hiyo tu. Njia ya kupitia Dar es Salaam niliiona baada ya kulipa, basi la alfajiri la kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza likiwa limeshaondoka. Sikumzika mzee aliyenilea. Nilipomuuliza wakala, alijibu kwamba takwimu zile zinahusu umbali wa viwanja, si tiketi, na kwamba fedha hazirudishwi. Kama hazihusu tiketi, kwa nini zimewekwa juu ya bei ya tiketi?

Ninachodai si kikubwa. Abiria aoneshwe, kabla hajalipa, saa ya kuondoka, kila kiwanja atakachopitia, muda wa kusubiri hapo na saa ya kufika mwisho wa safari. Malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, pamoja na nakala ya tangazo na ya tiketi. Mwenye tangazo la namna hiyo, la Tabora, Kigoma au kwingineko, naomba aliweke hapa ili niliambatanishe.