Tupeane uzoefu: kumeza chakula baada ya kufungwa mishipa ya umio

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Mwaka jana nilitapika damu usiku, na kesho yake kipimo cha kamera kilionyesha kwamba mishipa ya damu iliyomo ndani ya umio wangu ilikuwa imevimba na mmoja umepasuka. Chanzo ni kichocho cha tumbo, ambacho sisi tuliokulia visiwani katika Ziwa Victoria tulikipata tukingali watoto: mayai ya minyoo ya kichocho hukwama ndani ya ini, makovu hujengeka kuzunguka mishipa, na damu inayokosa njia hulazimika kupanda kupitia mishipa ya umio. Nilifungwa mipira minne midogo ya kubana mishipa hiyo siku hiyohiyo, kisha nikarudia mara mbili.

Habari za kutapika damu zimekwisha kuelezwa sana, kwa hiyo naomba tuzungumzie kumeza. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani niliambiwa nile vyakula laini, basi. Hakuna aliyenieleza laini ni kipi, wala ni kwa siku ngapi. Siku tatu za kwanza hata mate yaliniuma katikati ya kifua, nikawa naishi kwa maziwa na uji wa ulezi uliopoa. Siku ya sita nilijiona nimepona, nikala ugali kwa dagaa wa kukaanga, na tonge la pili likasimama kifuani lisipande wala lisishuke. Nilizunguka uani karibu robo saa, nikitema mate, ndipo likapita. Kuanzia hapo nilirudi kwenye mtori na viazi vya kuponda, na sato nilimgusa wiki ya tatu, tena baada ya mke wangu kumchambua miiba yote.

Mchangiaji wa kwanza, muuguzi wa chumba cha kamera

Pole sana, kaka. Mpira ule hubana mshipa pamoja na utando wake, sehemu iliyobanwa hufa na kudondoka ndani ya siku chache, na pale ilipokuwa hubaki kidonda. Kwa hiyo siku ya sita uliyojiona umepona huenda ndiyo siku ambayo kidonda kilikuwa wazi kabisa. Maumivu ya kifua na ugumu wa kumeza katika siku hizo ni jambo la kawaida, lakini choo cheusi kama lami au damu mdomoni si jambo la kusubiri asubuhi. Nawasihi pia msinywe diklofenaki wala aspirini kwa ajili ya maumivu hayo.

Mchangiaji wa pili

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi nilitibiwa miaka ya 1990, kabla mipira haijafika kwetu, kwa sindano ya dawa inayochomwa kwenye mshipa ili ukauke. Damu ilikoma kweli, sina la kulalamika. Hata hivyo, miezi miwili baada ya sindano ya mwisho nyama ilianza kukwama, baadaye mkate, na hatimaye hata wali ukawa haupiti bila maji. Niliugua kimyakimya nikidhani ni uzee. Nilipopigwa picha huku nikinywa dawa nyeupe ilionekana kwamba umio umesinyaa upande wa chini, kwa sababu vidonda vya sindano huweza kuchimba hadi kwenye misuli, na kovu lake huvuta. Nilipanuliwa mara nne, kila mara kwa kifaa kinene zaidi ya kilichotangulia, na tangu hapo nakula kila kitu isipokuwa nyama ngumu ya kuchoma, ambayo kwa meno haya nisingeiweza hata hivyo.

Kwa hiyo ninyi wa mipira mna nafuu, maana kusinyaa kwa namna hiyo kwenu ni nadra zaidi.

Mchangiaji wa tatu

Mama yangu, ambaye ini lake liliharibiwa na homa ya ini aina ya B, alikataa kula kwa wiki tano baada ya kufungwa mipira, akisema koo limeziba. Alikonda mpaka kanga ikawa inamvuka. Tulimrudisha, na kamera ikapita bila kikwazo. Kilichokuwa kimemziba ni hofu, kwani alikuwa na damu ile machoni kila alipoona sahani. Daktari alimwonyesha picha ya umio wake kwenye skrini, na jioni hiyo alikula ndizi za nazi bakuli zima. Je, kaka mwanzisha mada, wewe hofu hiyo ulikuwa nayo?

Mwanzisha mada

Ninayo mpaka leo, dada. Mlo wa jioni naula saa kumi na mbili kabla giza halijaingia, kwa sababu ile damu ilinijia usiku, na bado tonge langu ni dogo kama la mtoto. Kamera ya kuangalia kama mishipa imekwisha ni mwezi ujao. Nitawaomba wanionyeshe na mimi hiyo skrini.