Rekodi ya kocha wa michezo mingi chuoni Marekani: misimu na asilimia nahesabuje?

Mpangajedwali:
Habari zenu wakuu. Natengeneza jedwali la makocha wa zamani wa vyuo vya Marekani, wale waliofundisha michezo miwili mitatu huku wakiwa wakurugenzi wa michezo. Nimekwama kwa Amos Alonzo Stagg na Clarence Gaines. Idadi ya misimu hainijii sawa, asilimia za ushindi nazo zinapishana na zilizochapishwa. Ukurugenzi niuweke wapi?

Kipenga:
Anza na kalenda, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Msimu wa futiboli ya Kimarekani unaitwa kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa mwisho yote inahesabiwa. Stagg alikuwa Chuo Kikuu cha Chicago 1892 hadi 1932: toa, unapata 40, ongeza 1, misimu 41. Mpira wa kikapu unavuka mwaka. Gaines pale chuo cha Winston-Salem alianza msimu wa 1946–47, akamaliza 1992–93. Hapo 1993 toa 1946 ni 47, basi, usiongeze kitu. Ukitumia kanuni moja kwa michezo yote, safu moja lazima idanganye.

Nusu_Ushindi:
Asilimia zinakukataa kwa sababu ya sare. Futiboli ya vyuo ilikuwa na sare mpaka muda wa nyongeza ulipoanza kutumika msimu wa 1996. Sare ni nusu ushindi. Stagg anaandikiwa ushindi 314, vipigo 199, sare 35. Nusu ya 35 ni 17.5, jumlisha na 314 upate 331.5, gawa kwa mechi 548: 0.605. Ukizitupa sare utapata 0.612, ukizihesabu kama vipigo, 0.573. Angalia jedwali lako liko kwenye ipi kati ya hizo.

Halafu, 314 ni za vyuo vyote vitatu alivyofundisha, Springfield, Chicago na Pacific, kwa pamoja. Usimpe Chicago zote. Na tafadhali usijumlishe ushindi wa futiboli na wa kikapu. Mechi za kikapu kwa msimu ni nyingi mno, zitaimeza futiboli yote.

Mzee wa Ratiba:
Ukurugenzi upe mstari wake, kila kazi na mwaka wake wa kuanza na kumaliza. Kocha anaweza kuacha timu akabaki ofisini, au kinyume chake. Gaines futiboli aliiacha mapema, kikapu akaendelea nacho hadi kufikisha ushindi 828. Ukiandika "kocha na mkurugenzi 1946–1993" umeficha yote hayo.

Weka pia safu ya ngazi ya mashindano. Ubingwa wa kikapu wa Gaines wa 1967 ni wa NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani), lakini daraja la vyuo vidogo.

Kwa Stagg, safu ya "sababu ya kuondoka" ina maana. Chicago ilimwajiri kama mkurugenzi mwenye cheo cha mwalimu wa chuo, sasa nani amfukuze kwa kufungwa? Kilichomtoa ni kustaafishwa akiwa na miaka 70. Akahamia Pacific, na 1943, akiwa na miaka 81, akachaguliwa kocha bora wa mwaka.

Mpangajedwali:
Asanteni sana. Ile mechi ya kikapu ya Machi 1892 kule Springfield, walimu dhidi ya wanafunzi, niiweke kwenye rekodi ya ukocha ya Stagg?

Kipenga:
Hapana. Alicheza upande wa walimu. Wanafunzi walishinda 5–1, na hilo goli moja la walimu ni lake. Iweke kwenye safu ya wachezaji.