Makato ya kila mwezi usiyoyaruhusu: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Dar
Wakuu, nimechoka na makato yasiyo na mwenyewe. Kila mwanzo wa mwezi nakatwa na kampuni nisiyoijua, jina lake kwenye taarifa ya benki ni herufi kubwa tupu hazisomeki. Mwezi huu 25,740, uliopita 26,110. Kijana mmoja wa kaunta ndiye aliyenifumbua macho: kiasi kinachopanda na kushuka hivyo ni dola zilizobadilishwa, basi mkataji yuko nje. Chini yake kuna mstari mwingine, ada ya muamala wa nje. Yaani unaibiwa, na nauli ya mwizi unalipa wewe.

Nikabadilishiwa kadi. Makato yakahamia kwenye kadi mpya! Kumbe Visa na Mastercard wana huduma ya kumpelekea mfanyabiashara namba mpya ya kadi yako ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kilichosaidia ni fomu ya kupinga muamala. Jazeni mapema, kwa kawaida mitandao ya kadi inatoa siku 120. Ya nyuma zaidi nimesamehe. Nyie mlifanyaje?

Mdau, Dodoma
Yangu haikuwa kadi. Mkopo uliisha, rejesho likakoma, lakini "bima ya mkopo" ikaendelea kukatwa kila mshahara ukiingia. Tawini naambiwa mfumo ndio unakata. Nikaacha kubishana kwa mdomo, nikaandika barua: naomba nakala ya fomu niliyosaini kuruhusu makato haya. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Fomu haikupatikana, hela ikarudi. Huo muhuri msiudharau. Benki Kuu wanapokea malalamiko, ila watataka kujua kwanza benki yako ulishailalamikia na ikakujibu nini.

Mdau, Mwanza
Mkuu wa Dar, umeangalia Play Store? Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Gusa picha yako pale juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, utakuta maajabu. Mimi nilikuta programu ya kupima usingizi, ya mwanangu wa darasa la sita. Mtoto mwenyewe analala kama gogo.

Mdau, Mombasa
Huku kwetu M-Pesa ilileta GlobalPay mwaka 2022, kadi ya Visa iliyo ndani ya simu tu. Nikinunua kitu cha ng'ambo natumia hiyo, akaunti ya benki haiguswi. Ila si kila duka huikubali, hasa wale wa malipo ya kila mwezi. Ndio uzuri wake, ukiniuliza mimi.

Mdau, Leicester
Uingereza, angalia kwanza umekatwa kwa njia gani. Ikiwa ni Direct Debit, yaani uliiruhusu kampuni ichote yenyewe kwenye akaunti yako bila kadi, na imekosewa, benki inakurudishia yote papo hapo, wao ndio watajuana na mkataji. Ikiwa ni kadi, una haki ya kuiambia benki yenyewe isitishe. Wakikwambia "anza na kampuni", waambie kwa upole kwamba sheria haisemi hivyo. Mimi niliambiwa hivyo na dada wa simu kuhusu jimu niliyokwisha kuihama, nikaomba msimamizi wake, ikaisha.

Mdau, Iringa
Sisi ni kikundi cha akina mama, akaunti haina kadi kabisa. Kuna agizo la kudumu linakata kila tarehe 5, aliliweka mweka hazina wa zamani, na amehama mkoa. Benki inataka sahihi yake ndipo lisitishwe. Tunatokaje hapo?

Mdau, Dodoma
Dada, msimtafute. Kaeni kikao, muhtasari uandike kwamba mmembadilisha mtia saini, wajumbe wasaini, upelekeni na vitambulisho vya wapya. Barua ya kusitisha agizo iende siku hiyo hiyo, isainiwe na hao wapya. Na msiende mwisho wa mwezi, mtashinda kwenye foleni.