Nyumba ya Kukhu (Bibi): Faith asomee nini?

Jumamosi

Mama Faith 18:52
Mulembe nyote. Naomba mawazo yenu. Faith ana ile B- yake ya kidato cha nne na siku za kuchagua kozi KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, zinakwisha. Nimemwambia ajaze unesi kuanzia chaguo la kwanza hadi la mwisho. Ananiangalia tu kama mtu aliyeonyeshwa hesabu ya mtu mwingine.

Senge (Shangazi) Nekesa 18:55
Unesi haujawahi kumlaza mtu njaa. Mimi nilimaliza mafunzo 1984. Barua ya kazi ilitukuta tukiwa bado hosteli. Hatukuomba, tulipangiwa. Mimi Lodwar. Nililia kutoka Kitale mpaka huko, lakini mshahara ulikuwa unangoja.

Brayo Kisumu 18:56
Senge, hiyo ni paukwa pakawa 😂

Senge Nekesa 18:56
Ni kweli tupu. Uliza Kukhu, blanketi analojifunika lilitoka kwa mshahara wa kwanza.

Anko Wekesa 19:01
Da Nekesa, 1984 na leo ni nchi mbili tofauti. Hapa Nakuru nina binti ananisaidia dukani siku tatu kwa wiki. Ni nesi, ana diploma na leseni. Ananipangia dawa kwenye rafu huku akingoja kaunti itangaze nafasi. Mwaka wa tatu sasa.

Mama Faith 19:03
Kwani hospitali si zimejaa wagonjwa? Kila siku tunasikia wahudumu hawatoshi.

Mwalimu Barasa 19:07
Hawatoshi, na wengine hawana kazi. Yote mawili ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya kama milioni 11 ifikapo 2030. Lakini afya ilitoka serikali kuu ikaenda kaunti 2013, na kanuni za fedha zinasema mishahara yote ya kaunti isipite asilimia 35 ya mapato yake. Wodi inaweza kuwa na nesi mmoja kwa wagonjwa 40 na gavana bado aambiwe mishahara imezidi.

Anko Wekesa 19:08
Mwalimu ameanza. Leteni viti.

Mwalimu Barasa 19:08
Nimeulizwa nikajibu.

Baba Faith 19:10
*Imesambazwa mara nyingi* 🌿🌿 CHEMSHA MAJANI YA MPERA NA MWAROBAINI, SUKARI ITAKUWA HISTORIA KWA SIKU 9. TUMA KWA WATU 10 UNAOWAPENDA 🌿🌿

Senge Nekesa 19:11
Baba Faith futa hiyo kitu kabla Kukhu hajasomewa.

Baba Faith 19:14
Pole. Niko Salgaa na lori, kidole kiliteleza. Kuhusu Faith, asomee kitu chenye pensheni. Naendesha.

Brayo Kisumu 19:20
Mama Faith, acha nikuambie yangu, maana hapa wengi mnajua nusu. Nilisomea maabara. Wakati ule kila mtu huku Kisumu, Siaya na Homa Bay alikuwa anaajiriwa na mradi wa Ukimwi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima wingi wa virusi. Sampuli zinakuja na pikipiki kwenye kikasha cha barafu, unazisajili, unazungusha, unapanga kwenye mashine. Nilijiona nimefika. Nilikopa, nikaezeka nyumba.
Januari 2025 Trump akaapishwa, siku hiyo hiyo akasimamisha misaada ya nje. Wiki haijaisha tukaambiwa tuache kila kitu kilivyo. Nilibeba koti langu jeupe kwenye begi la mgongoni. Kalamu bado ilikuwa mfukoni mwa koti.

Mercy Leeds 19:22
Brayo 😔 haukuniambia hiyo ya kalamu.

Brayo Kisumu 19:24
Ndiyo maana nikimsikia mtu anauliza asomee nini, mimi nauliza nani atamlipa. Nilikuwa nalipwa na mlipa kodi wa Marekani nikidhani nimeajiriwa Kisumu. Wagonjwa hawakupungua hata mmoja. Mlipaji ndiye aliondoka.

Mama Faith 19:25
Haki pole Brayo. Na sasa?

Brayo Kisumu 19:26
Maabara ndogo Kondele, nalipwa kwa siku. Siku ya mvua watu hawaji, nami sina siku.

Mwalimu Barasa 19:31
Na kazi ya Brayo ilizaliwa hivyo hivyo. Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada Desemba 1989. Miaka iliyofuata ajira ikabanwa, ile ya kupangiwa kama Da Nekesa ikafa polepole. Ukimwi ukatangazwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kuanzia 2004 pesa za Marekani zikaja kwa wingi. Ghafla kukawa na washauri nasaha, wapimaji, makarani wa takwimu, kazi ambazo mimi nikiwa shule hazikuwa na hata jina.

Senge Nekesa 19:33
Hapo umesema kweli. Mwaka wa 2000 wodini tulikuwa tunalaza wawili kitanda kimoja na mmoja chini. Hao washauri walitusaidia sana walipokuja.

Anko Wekesa 19:40
Mimi nitawaambia kinachokuja kwa kuangalia rafu yangu. Nilipofungua duka, rafu ya mbele ilikuwa ya malaria na antibaiotiki. Leo rafu ya mbele ni presha na sukari. Mteja wa malaria alikuja mara moja, akapona, akanisahau. Mteja wa presha namwona kila mwezi mpaka mmoja wetu afe. Na si wazee peke yao. Jana kijana wa bodaboda, miaka 34, amepimwa 170 kwa 110. Anakaa kwenye pikipiki kutoka alfajiri, anakula chipsi, anakunywa soda. Nilimuuliza kama anafanya mazoezi akasema anapiga kiki 😂

Mercy Leeds 19:41
😂😂😂 Anko

Mwalimu Barasa 19:43
Halafu watu wanazaa wachache. Utafiti wa 1977–78 ulikuta mama wa Kenya anazaa wastani wa watoto 8. Ule wa 2022 ukasema 3.4.

Senge Nekesa 19:44
Usiende mbali. Kukhu tisa, mimi wanne, Mercy mmoja na anasema amefunga duka.

Mercy Leeds 19:44
Mama!! Hapa kuna watu 31.

Mama Faith 19:46
Sasa kama watoto wanapungua na wazee wanaongezeka, si ni unesi tu? Mercy mwanangu, si Faith anaweza kukufuata huko? Wazee wa Uingereza hawaishi.

Mercy Leeds 19:58
Samahani, nilikuwa nahamisha mgonjwa. Mama Faith, nitasema ukweli hata kama wengine wanangoja nichekelee. Ule mlango wa kulea wazee walifunga Julai 2025, mtu wa nje hapati tena visa ya kazi hiyo. Nesi mwenye leseni bado anaweza kuja. Lakini Kenya, tangu Novemba 2021, iko kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wa hapa hawaruhusiwi kuchota wahudumu isipokuwa kupitia makubaliano ya serikali kwa serikali. Unaweza kuomba mwenyewe, wakala asikudanganye ana njia ya chini ya meza. Na sasa wanataka mtu akae miaka 10 badala ya 5 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu.
Nilipokuja hawakuwa na watu. Leo nesi waliomaliza vyuo vya hapa hapa wanalia hawapati nafasi. Sera ya nchi ya watu inabadilika ukiwa mwaka wa pili wa diploma. Asisomee visa.

Brayo Kisumu 19:59
Asisomee visa. Niandikieni hiyo kwenye fulana.

Mama Faith 20:01
Mnanikatisha tamaa. Basi udaktari?

Anko Wekesa 20:03
Kwa B-? Tena 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya vita ilikuwa mshahara wa wanaofanya mafunzo ya kazi. Serikali ilitaka kuwapa 70,000, mkataba wa 2017 unasema 206,000.

Senge Nekesa 20:09
Ngojeni kwanza. Mimi sijamaliza na unesi. Mwaka jana, miaka mitatu baada ya kustaafu, mtu alinipigia kutoka Marekani. Baba yake yuko peke yake hapa karibu na Kimilili, amepooza upande. Watoto wote wako nje. Ananilipa 1,500 kwa siku kwa Mpesa, niende mara tatu kwa wiki. Namgeuza, naosha kidonda, namfanyisha mkono mazoezi, nawafundisha wafanyakazi wa nyumbani wasimvute kwapani. Hakuna kaunti hapo, hakuna mfadhili. Na wazee wa aina hiyo nawajua saba kwenye njia ya kwenda sokoni. Vijana wamehamia mjini, nyumba nzuri za mawe, ndani kuna mzee na redio.

Mama Faith 20:10
Eeeh! Mwaona?

Mwalimu Barasa 20:12
Hii ni hoja nzito. Lakini Da Nekesa una miaka 38 ya kazi na jina. Mtoto wa miaka 22 hapigiwi simu kutoka Marekani.

Senge Nekesa 20:12
Atapigiwa nikimtambulisha. Aanze wapi, mbinguni?

Anko Wekesa 20:15
Mzee mwenye watoto Marekani analipa. Mzee mwenye watoto hapa mtaani Kaptembwa je? Huyo anategemea bima. Tangu Oktoba 2024 NHIF ikiwa SHA, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kliniki inamtibu mgonjwa leo, pesa inakuja baadaye, na mwenye kliniki huajiri akiwa na pesa mkononi. Sisi wenye biashara ndogo tunajua kungoja kulivyo.

Mama Faith 20:17
Faith mwenyewe yuko wapi? Tunamjadili kama mahari.

Faith 20:24
Niko hapa. Nilikuwa na Mama Sifa, yule CHP wetu, mhudumu wa afya wa kijiji. Amekuja kumpima Kukhu presha.

Faith 20:25
Mashine yake ilikuwa inaandika E tu tangu Jumatano. Alikuwa anazunguka nyumba hadi nyumba na begi lote na hapimi mtu.

Senge Nekesa 20:26
Betri.

Faith 20:29
Nilidhani hivyo pia Senge. Nikaweka betri za rimoti, bado E. Nikasikiliza kitambaa kikijaa, kuna kaupepo kanatoka. Ule mpira ulikuwa umepasuka pale unapoingia kwenye mashine. Nikakata kama sentimita moja na wembe, nikaurudisha. Imejaa, imeshika. Tukapima mimi kwanza, kisha Mama Sifa. Sasa Kukhu.

Brayo Kisumu 20:30
Wewe!! Nani alikufundisha?

Faith 20:31
Hakuna. Ni kama pampu ya baiskeli.

Faith 20:34
Mama usikasirike. Mimi sitaki unesi. Damu siogopi, lakini nikiwa hospitalini mimi huangalia mashine. Kuna diploma ya uhandisi wa vifaa vya tiba KMTC, kile chuo cha mafunzo ya tiba. Nimeisoma mara nne.

Mama Faith 20:35
Yaani fundi?

Brayo Kisumu 20:41
Mama Faith usimkate. Kwenye maabara moja niliyowahi kufanya, mashine ililala wiki tatu ikingoja fundi kutoka Nairobi. Alipokuja alibadilisha fyuzi. Wiki tatu! Wagonjwa walikuwa wanapewa karatasi waende kupima nje kwa pesa zao.

Mwalimu Barasa 20:44
Mnakumbuka ule mpango wa 2015 wa kukodisha vifaa kwa hospitali 98? Mahali pengine mashine zilikaa kwenye makaratasi yake kwa sababu hakuna mtaalamu wa kuziendesha. Na kila mashine mpya ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo inahitaji maji safi, umeme na mtu wa kuifungua. Presha na sukari za rafu ya Wekesa ndizo zinazowapeleka watu huko.

Anko Wekesa 20:47
Nakubali, lakini tusimpeleke kwa macho yaliyofungwa. Hospitali inaajiri manesi 200 na fundi watatu. Kaunti ikibana itabana hapo kwanza. Kampuni zinazouza mashine ndizo zinaajiri, na ofisi zake ziko Nairobi. Faith, ukichukua hiyo uwe tayari kujitafutia. Duka langu peke yake lina mashine mbili za presha zilizokufa.

Faith 20:48
Niwekee, Anko.

Mama Faith 20:49
Na hizi kompyuta zinazojifikiria? Si zitachukua hizo kazi zote?

Brayo Kisumu 20:52
Zingine ndiyo. Picha ya kifua ya TB, tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu programu iisome badala ya daktari, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Lakini programu haimwambii mzee avue shati, haimngoji akohoe makohozi kwenye kikopo, na ikizimika haijiwashi. Mimi ningeogopa zaidi kama kazi yangu ni kukaa na kusoma picha tu.

Senge Nekesa 20:54
Mnaongea, na Kukhu amepimwa ngapi?

Faith 20:55
162 kwa 94.

Senge Nekesa 20:56
Alikuwa anaongea?

Faith 20:56
Alikuwa anawasimulia jinsi Senge alivyolia Lodwar.

Senge Nekesa 20:57
🙄 Aketi, mgongo uegemee kiti, miguu chini asiikunje, mkono juu ya meza sawa na moyo. Dakika tano kimya. Kisha pima tena, mkono ule ule.

Mercy Leeds 20:58
Mama, Kukhu kunyamaza dakika tano ni dua.

Mama Faith 21:02
Faith, weka hiyo ya mashine ya kwanza kama umeamua. Unesi weka wa pili, kwa ajili yangu. Kama kuna kusomea digrii, tutaongea na baba yako akifika. Sijasema nimekubali.

Baba Faith 21:03
Niko Burnt Forest. Fundi ni sawa. Lori hili linalishwa na fundi.

Faith 21:06
148 kwa 88. Amekaa kimya dakika tatu.

Senge Nekesa 21:07
Afadhali. Dawa zimebaki ngapi?

Faith 21:08
Nne. Anasema alikuwa anaruka siku moja moja ili zifike mwisho wa mwezi.

Anko Wekesa 21:09
Asiruke! Kesho asubuhi naweka za miezi miwili kwenye matatu ya Webuye pamoja na zile mashine mbili. Faith, uwe stendi saa sita. Dereva nitakutumia namba kando.

Faith 21:10
Sawa Anko. Asante.

Faith 21:13
Kukhu anauliza kama hiyo kozi inafundisha kutengeneza redio. Yake imenyamaza tangu Krismasi.

Brayo Kisumu 21:14
Mwambie ni mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza 😂