Naomba ushauri: kumbebea dada mimba nikiwa nimetengana na mume

Ndugu zangu, salaam kutoka Moshi. Dada yangu, anayeishi Uingereza na mumewe, ametolewa kizazi ila ovari zimebaki, nao wameniomba niwabebee mimba itakayotokana na yai lake na mbegu ya shemeji. Nina miaka 34 na watoto wawili, wa pili alizaliwa kwa upasuaji baada ya presha kupanda mimba ikiwa ya miezi minane. Mume wangu tumetengana bila talaka. Ndoa ni ya kanisani na mahari haijarudishwa, hivyo kwa wazee wa ukoo mimi bado ni mkewe, jambo ninaloliona zito kuliko hilo kovu la tumboni.

Daktari wa wanawake amesema upasuaji mmoja pekee haunizuii, ila presha ichunguzwe kwanza. Nimesoma pia kwamba sheria ya Uingereza humhesabu aliyezaa kuwa mama, na mumewe kuwa baba isipokuwa ithibitike kwamba hakuridhia, hadi mahakama itakapotoa amri ya kuwatambua wazazi waliokusudiwa.

Je, kutengana bila talaka kunaniondolea sifa, au ridhaa yake ya maandishi inatosha? Na yupo aliyewahi kupandwa na presha ya mimba, kisha akakubaliwa kumbebea mwingine?