Tupeane uzoefu: fyuzi ya amplifaya ikikata, uliichaguaje mpya?

Wakuu, amplifaya ya kwaya yetu hapa Morogoro ilikata fyuzi katikati ya mazoezi. Mzee wa kanisa akaenda dukani, akarudi na fyuzi za kioo za ukubwa uleule, 6.3A kama ya zamani. Kuwasha tu, ikakata. Ya pili vilevile. Nikaigeuzageuza ile ya zamani kwenye mwanga: pembeni, kwenye bati, imeandikwa T6.3AL250V. Hizi mpya ni F6.3AL250V. Tulipopata yenye T, mziki ukalia. Nanyi tupeni yenu.

Fundi, Tanga
Mkuu, T hukata taratibu, F hukata haraka. Transfoma kubwa, hasa ile ya duara, ikiwashwa huvuta umeme mwingi mno kwa kitambo kidogo tu, halafu hutulia. T inauvumilia, F haiusubiri. Ila palipoandikwa F usipachike T, maana hapo kuna kitu kinachoungua upesi.

Mteja akiniletea amplifaya, kwanza naangalia kioo cha fyuzi. Kikiwa safi na uzi umekatika katikati, naweka nyingine najaribu. Kikiwa cheusi, au kimepakaa rangi ya fedha kwa ndani, humo kuna shoti, sipotezi fyuzi. Nafungua, napima transista kubwa za kutolea sauti na zile daiodi za kugeuza umeme. Nikishatengeneza siwashi moja kwa moja. Naunganisha balbu ya wati 100, ya uzi, kwa mfululizo na waya wa laivu. Ikimulika mara moja ikafifia, sawa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, narudi kutafuta shoti. Balbu za LED hapa hazifai.

DJ, Mombasa
Mimi ni harusi, Likoni. Bwana harusi ndio kwanza anaingia, sauti kimya! Kijana wa mitambo keshatoa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ataka kuizungushia fyuzi. Nikamwambia wacha, nenda kalete amplifaya ya akiba garini. Baadaye fundi alikuta transista mbili zimekufa. Akanambia, lau ile karatasi ingeingia, hata transfoma ingekwenda. Bei ya transfoma waijua.

Mdau, Dar
Yangu ililetwa na kaka kutoka Marekani. Nyuma ina swichi ya 115V na 230V, na kando ya tundu la fyuzi kuna namba mbili: 10A kwa 115V, 5A kwa 230V. Swichi tuligeuziwa, fyuzi ikabaki ileile ya 10A. Inafanya kazi vizuri tu, ndio ubaya wake! Volti zikiwa mara mbili, ampea zinazohitajika ni nusu, kwa hiyo ile ya 10A huku kwetu hailindi kitu. Wenye vyombo vya kuagiza, chungulieni nyuma.

Mdau, Mwanza
Fundi, swali. Nikikosa 6.3A niweke 5A au 10A? Na hii ya gari ninayo hapa, 10A, haiwezi kusaidia?

Fundi, Tanga
Weka T5A kwa muda, usipandishe sauti sana. Ikikata umepoteza fyuzi tu. 10A hapana. Ya gari ndiyo kabisa usithubutu, zile bapa za rangi ni za volti 32. Kwenye 230V uzi unaweza kukatika na cheche ikaendelea kuruka humohumo ndani. Iandikwe 250V.

Halafu kuna herufi watu wanairuka, ile ya baada ya A. L ndiyo hizi za kioo. Ukikuta H, aghalabu ni ya kauri nyeupe yenye mchanga ndani, rudisha H. Hiyo huweza kuuzima umeme wa shoti hadi 1500A, wakati ya L ndogondogo kama hizi zetu inaahidi 35A, au mara kumi ya namba yake ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi.