Mfalme na mpenzi wake juu ya farasi, hawa ni nani?

FundiFremu:
Wakuu, naomba msaada. Nina kibanda cha fremu Tanga. Mama mmoja wa Kihindi kaniletea picha ya kuchapwa, mali ya bibi yake. Kioo kimepasuka, mchwa wameshaonja pembe ya chini. Mwanamume mwenye kilemba na mwanamke, kila mtu na farasi wake, usiku wa mwezi, nyuma vilima. Farasi wanakwenda mbio, wenyewe wala hawatazami njia, wanatazamana tu hadi unaona haya kuwachungulia. Mama anataka kibati cha jina: Shah Jahan na Mumtaz, yule mfalme wa India aliyejenga Taj Mahal, na mkewe. Kibati nikishachonga hakifutiki. Ndio hao kweli?

BintiSeremala:
Shah Jahan mara nyingi walimchora na duara la nuru kichwani. Lipo? Na mkononi ana nini?

FundiFremu:
Duara hakuna. Mkononi nilidhani doa la unyevu, nimepitisha pamba, kumbe ndege! Kakaa juu ya glovu.

Mzee_Kahawa:
Kipanga huyo. Basi ni Baz Bahadur na Rupmati. "Baz" kwa Kiajemi ni ndege huyohuyo wa kuwindia. Alikuwa sultani wa mwisho wa Malwa, India ya kati, akikaa Mandu. Mwislamu, mpenda muziki kupita kiasi. Rupmati alikuwa Mhindu, mwimbaji. Banda lake bado lipo Mandu, ukingoni kabisa mwa mlima, na wenyeji husimulia kwamba alikuwa akipanda pale kuutazama mto Narmada. Mwaka 1561 Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala kaskazini mwa India, akamtuma jemadari wake Adham Khan na jeshi. Baz Bahadur akapigwa Sarangpur, akakimbia. Rupmati akabaki. Inasimuliwa kwamba alikunywa sumu ili Adham Khan asimpate. Shah Jahan kazaliwa 1592, hapo yumo wapi?

BintiSeremala:
Subiri. Alikimbia akamwacha? Na macho yote yale?

Mzee_Kahawa:
Macho ni ya wachoraji, binti yangu. Picha nyingi za hawa wawili ni za miaka ya 1700, hakuna aliyewaona. Adham Khan naye hakufika mbali: 1562 Akbar aliamuru atupwe kutoka juu ya baraza, mara mbili, kwa kosa jingine.

FundiFremu:
Mama kapita leo, nimemsomea yote. Kanyamaza, kaitazama picha, kisha akasema: "Andika Rupmati. Huyo mwingine mwache." Herufi saba tu, nimempunguzia bei.